Nani Anahema Kwenye Simu Yako

Qiqihar, 16 Oktoba

Ningning, mtoto wa mdogo wangu,

Nakusalimu. Mimi ni mzima. Kabichi za msimu wa baridi nimekwisha kuzipanga mtungini na kuzikandamiza kwa jiwe, na mwaka huu jirani hakuja kunifundisha namna ya kutia chumvi, nashukuru. Kule Dalian Bibi yako anashinda kwenye karata na anawaibia wenzake kama kawaida. Baba yako amenunua gari jingine ambalo hana pa kuliweka.

Sasa jambo lenyewe. Nimekupigia simu mara kadhaa saa kumi na moja jioni, saa ambayo mwanafunzi mwenye adabu amemaliza masomo. Kila mara napokewa na mwanamume. Hasemi jina lake, anahema tu. Mara ya kwanza nilidhani ni laini mbovu. Mara ya pili nikamuuliza, "Wewe nani?" Akasema, "Subiri kidogo, Shangazi Mkubwa, nimalizie kilima hiki," halafu akakata. Kilima gani?

Nilimwambia baba yako, baba yako akamwambia mama yako, na mama yako mdomo wake hauna mlango, basi Bibi anajua. Bibi anauliza kijana ni wa ukoo gani na kama ana nyumba. Mimi siulizi hayo. Nimefundisha mazoezi ya viungo zaidi ya miaka thelathini, namjua mtu anayehema kwa kukimbia na anayehema kwa upuuzi. Huyo anakimbia. Kinachonishangaza ni simu yako kuwa mahali ambapo mtu anakimbia, kwa sababu wewe nakujua.

Na vile viatu vya mbio nilivyokununulia ulipoingia chuo viko wapi?

Kwa kuwa simu yako imepata mwenyewe, nakuandikia. Karatasi haihemi.

Shangazi yako mkubwa,
Qiu Huilan


Changsha, 30 Oktoba

Shangazi Mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima. Barua yako ilifika, na mama mlinzi wa bweni alinikabidhi kwa mikono miwili akiwa na uso wa pole. Siku hizi akiona barua anadhani ni msiba. Mimi ni mzima. Huku mvua haikati, nguo zinaota ukungu kabatini, na kila asubuhi nakula tambi za mchele zenye pilipili mpaka masikio yanawaka. Mwambie Bibi asiuze nyumba bado, hakuna mchumba.

Anayehema ni Pang Yifei. Anasoma uzamili wa mifugo, utafiti wake ni wa nguruwe, na ana mapaja kama nguzo za daraja. Jioni anakimbia na simu yangu, pamoja na za watu wengine, amezifunga kiunoni kwenye mkanda wenye mifuko. Mimi namchorea michoro ya tasnifu yake. Ni biashara halali kuliko nyingi ninazoziona hapa chuoni.

Sababu ni hii. Mkuu wa idara ya michezo aliamka siku moja akagundua kwamba vijana wa taifa wamelegea. Yeye mwenyewe hupanda lifti kwenda ghorofa ya pili, lakini ametundika vitambaa vyekundu kila ukuta: Jasho la Leo ni Afya ya Kesho. Kila mwanafunzi lazima atimize kilomita zake za muhula, na programu ya simu inahesabu. Programu haijali nani anakimbia. Inataka simu tu iende mbio. Kuna waliomfunga mbwa wa jikoni simu shingoni, na mwezi uliopita mbwa huyo alitajwa kwenye orodha ya wakimbiaji bora kwa jina la mwanafunzi wa sheria. Mkuu akampongeza hadharani. Unataka niwavulie kofia watu hawa?

Wakati simu yangu ipo mbioni mimi nakaa chumbani nasoma. Leo nakuandikia wewe. Miguu yangu inanitosha kwenda kantini na kurudi.

Wako,
Ruoning


Qiqihar, 17 Novemba

Ningning,

Nakusalimu. Theluji imeanguka na imekaa. Kabichi zimechachuka vizuri. Shangazi yako wa Harbin ameniletea peari za kugandishwa, meno yangu yanalia lakini nazila. Bibi yako amesikitika kuhusu kijana wa nguruwe, alishaanza kumpenda.

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili kwa hasira zaidi. Unamweka mtu akukimbilie. Kesho utamweka wa kukulia chakula, kesho kutwa wa kuzeeka badala yako. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, hilo tunalijua. Anayetegemea miguu ya nduguye sijui hata hufaje, pengine hufa amekaa.

Huyo mkuu wa idara naye ni mpumbavu, usidhani namtetea. Kupima mbio kwa simu ni kama kupima shibe kwa picha ya chakula. Mimi nilikuwa na filimbi, saa ya kupimia na macho mawili. Mtoto akijificha nyuma ya choo nilijua kabla hajafika. Wavulana wakubwa wenye ndevu walikuwa wakiona kofia yangu wanaanza kunyoosha misuli. Kizazi hiki kinakunywa chai ya maziwa yenye vidonge vya muhogo kisha kinasema mkuu ndiye mbaya.

Lakini najua kwamba mwezi wa Mei kuna mtihani wa mbio za mita mia nane, mbele ya mwalimu, uso wako ukipigwa picha mwanzoni na mwishoni. Hapo Pang na mapaja yake hawaingii. Ukishindwa hupati shahada, unapewa karatasi ya kusema tu ulikuwepo. Miaka minne ya kuchora madaraja, halafu karatasi ya kwamba ulikuwepo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mimi kila asubuhi niko kando ya Mto Nen kabla jua halijatoka. Jirani zangu wanasema barafu imekuwa mbaya mwaka huu, nisiende. Jirani zangu wangezaliwa wakiwa wamekaa kama ingewezekana.

Hukunijibu kuhusu viatu.

Shangazi yako mkubwa


Changsha, 4 Desemba

Shangazi Mkubwa,

Nakusalimu. Ni mzima, nina mafua tu, huku hakuna moto ndani ya nyumba na baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Watu wa kaskazini mnatudanganya kwamba kusini kuna joto.

Nina habari moja njema na moja ya kuchekesha. Ile njema: ofisi ya kusanifu madaraja ya Shenyang imenikubali, kazi inaanza Agosti, wanataka shahada mkononi, shahada yenyewe, hawataki karatasi nyingine. Nimeitaka kazi hii tangu mwaka wa pili. Nitakuwa karibu nawe, treni ya asubuhi tu.

Ya kuchekesha ni kwamba programu sasa inasimamisha mkimbiaji katikati ya njia na kudai kuona uso wake. Pang amechapisha picha za nyuso zetu, akazibandika kwenye kadibodi. Anakimbia, simu ikilia anatoa kichwa changu mfukoni anakionyesha. Anasema mimi ndiye mteja mwenye uso wa dharau kuliko wote na kamera inanitambua haraka.

Kuhusu Mei, nitajua Mei. Kuhusu mto, jirani zako wana haki, Shangazi. Barafu haijui kwamba ulikuwa mwalimu.

Ruoning


Qiqihar, 26 Februari

Ningning,

Nakusalimu, na heri ya Mwaka Mpya iliyochelewa. Mimi ni mzima. Nisamehe kwa kukaa kimya, nilikuwa na shughuli. Sikuja Dalian kwa sababu treni zilijaa na nilikuwa na kikohozi, kama baba yako alivyokwambia. Nasikia Bibi alikula vitumbua vya nyama hadi akalazimika kulegeza kamba ya suruali. Mwandiko usiushangae, kalamu hii mbovu na meza iko upande.

Hongera kwa Shenyang. Nimefurahi, na sikuandika mapema kusema hivyo, lakini nilifurahi siku ileile.

Kichwa chako cha kadibodi nimekicheka kuliko ilivyostahili. Baadaye nikaudhika. Umebakiza miezi mitatu. Mita mia nane ni mizunguko miwili ya uwanja, Ningning, hata bata anaizunguka akifukuzwa. Anza na kutembea, kisha mbio za polepole, jioni kukiwa kumepoa. Sikuombi unipende, nakuomba utoke nje.

Na viatu?

Shangazi yako mkubwa


Changsha, 15 Machi

Shangazi Mkubwa,

Nakusalimu. Maua ya cheri yamefunguka na wanafunzi wote wamekwenda kupigwa picha nayo, ndiyo mazoezi pekee wanayofanya kwa hiari.

Pang amekamatwa. Alichanganya vichwa. Simu yangu ilidai uso, akaionyesha uso wa kijana mmoja wa kemia mwenye masharubu, na simu ya kijana ikapewa uso wangu. Siku hiyo mkuu wa idara alikuwa ametembelewa na wakaguzi, akawafungulia kwenye skrini kubwa awaonyeshe vijana wanavyokimbia, na pale kwenye jina Qiu Ruoning pakatokea masharubu. Kilomita zangu zote zimefutwa. Lazima nizikimbie upya mwenyewe kabla ya siku ya mtihani au nisiruhusiwe hata kusimama kwenye mstari wa mita mia nane.

Basi naomba jambo moja na sitaomba jingine. Mwanafunzi mwenye karatasi ya daktari husamehewa. Goti, moyo, chochote. Wewe unawajua watu. Niandikishie goti bovu, nipate shahada, nije Shenyang, na kila Jumapili nitakuja kukusikiliza ukinitukana ana kwa ana.

Na kitu kingine. Bahasha ya barua yako imeandikwa na mtu mwingine. Herufi kubwa kubwa, za mtu aliyeshika kalamu kama jembe. Ni nani huyo?

Ruoning


Qiqihar, 1 Aprili

Ningning,

Nakusalimu. Mimi mzima. Barafu ya mto inapasuka, usiku unasikia inanguruma.

Jibu ni hapana. Madaktari ninaowaona hapa kila asubuhi wangekuandikia hata kwamba huna miguu kabisa, ni watoto wadogo waliovaa makoti meupe na wanasaini chochote. Lakini mimi Qiu Huilan sikuwahi kumsamehe mtoto mwenye goti zima, na sitaanza na wa kwetu. Ukitaka kuwa kilema wa karatasi, jitafutie karatasi.

Bahasha aliniandikia jirani.

Toka nje ukimbie.

Shangazi yako mkubwa


Changsha, 19 Aprili

Shangazi Mkubwa,

Salamu zako zilikuwa fupi na zangu zitakuwa fupi.

Madaktari gani unaowaona kila asubuhi? Nilisoma mstari huo, nikakupigia palepale, na ulikuwa mchana. Simu yako ilipokelewa na mtu anayehema.

Nikasema, "Shangazi?"

"Siye," ikasema sauti nene ya kike. "Mimi Tuo, wa kitanda cha dirishani. Mwalimu kalala."

"Mbona unahema, Mama?"

"Si natembea, mwanangu. Daktari anataka aone hatua za mwalimu kwenye simu kila asubuhi, na mwalimu katu katu hataki kutembea. Basi mimi namtembezea. Mimi nyonga zangu nzima, nimelazwa kwa ajili ya bega."

"Anakupa nini?"

"Mayai yake ya asubuhi. Na bahasha namwandikia, na barua napeleka posta, hapo ng'ambo tu ya barabara. Mtu mwema huyu, ila ana ulimi. Wewe ndiye yule wa nguruwe?"

Nimemkalia baba yangu kooni hadi amesema yote. Kwamba ulianguka kando ya mto Desemba ukavunjika nyonga. Kwamba ulipasuliwa. Kwamba kila mtu alijua, hata Bibi, hata yule binamu asiyejua siku ya kuzaliwa ya mama yake, na mkakubaliana nisiambiwe kwa sababu naandika tasnifu. Mwanafunzi asisumbuliwe. Mimi nilikaa mezani Mwaka Mpya nakula vitumbua na kuwacheka watu wa treni zilizojaa, na wote mkanitazama nikila. Nimeumia sana kwa hilo.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, uliniandikia. Guu limevunjika la mkuu. Na huyo mkuu, aliyefundisha watu kukimbia maisha yake yote, amemweka mwanamke wa bega bovu atembee badala yake, kwa mayai. Mimi walau nilichora michoro. Nyani haoni kundule, Shangazi, na ukinipiga kwa kusema hivyo itabidi uje Changsha kwa miguu.

Uliuliza viatu. Nilivivaa mara moja, mwaka wa kwanza, siku ya mita mia nane. Wenzangu wote walimaliza, nikabaki peke yangu mzunguko mzima. Mwalimu akachukua kipaza sauti akasema, "Tumtie moyo mwenzetu." Wakasimama wote wakanipigia makofi. Jikaze, jikaze, kwa mpigo mmoja, na nyuso za huruma. Mmoja akarekodi akaweka mtandaoni na muziki wa kinanda. Watu waliandika kwamba wamelia, kwamba nimewapa moyo wa kuishi. Nilikuwa msichana mnene anayekwenda polepole uwanjani, Shangazi, sikuwa msiba. Wangenicheka ningekimbia tena kesho yake.

Viatu viko chini ya kitanda.

Ruoning


Qiqihar, 3 Mei

Ningning,

Nakusalimu. Sisemi tena kwamba ni mzima. Nyonga imeunga, daktari anasema, lakini mguu umekauka kwa kukaa. Nisipotembea kabla ya katikati ya kiangazi, nitabaki mtu wa kiti cha magurudumu. Alisema hivyo mbele ya Tuo, na Tuo akaacha kutafuna yai.

Baba yako usimlaumu, nilimlazimisha. Ningefanya tena hivyohivyo, kwa hiyo sikuombi radhi. Nasikitika tu kwamba ulikula vile vitumbua bila kujua.

Nilipofika kwenye neno makofi niliweka barua chini nikamwomba Tuo kalamu. Nitakwambia kwa nini sitembei. Hapa kuna wasichana watatu wa mazoezi, wamevaa sare za rangi ya waridi, umri wako. Siku ya kwanza waliniinua, nikashika fremu, nikapiga hatua moja. Moja, Ningning, ya mtoto wa mwaka. Wakanipigia makofi. "Bibi hodari sana, bibi anaweza!" Mmoja alinichorea ua dogo jekundu kwenye karatasi akalibandika kitandani. Mimi, niliyekuwa nikivumisha filimbi, malori yanasimama barabarani. Niliketi, nikasema naumwa, na tangu siku hiyo naumwa kila wakipita. Nikimpa Tuo simu, daktari anaridhika, nami sipigiwi makofi.

Kwa hiyo umenirithi mimi kabisa, na ninakuhurumia kwa hilo, ila huruma hiyo sitaionyesha.

Sikiliza sasa. Hatuwezi kukimbia kwa makofi, sisi. Wengine wanaweza, wabarikiwe. Tunataka mtu wa kututukana. Mtoto wangu bora kabisa wa mbio, msichana aliyefika mashindano ya mkoa, sikumpa neno zuri hata moja, na alipokuwa akipita mbele yangu alikuwa akininunia, na kule kununa ndiko kulikokuwa kukimsukuma. Mtafute Pang. Mpe karatasi niliyoweka humu ndani, na umwambie aisome kwa sauti, akikimbia kando yako, kila jioni hadi siku ya mtihani. Asiongeze lolote la upole.

Nawe niandikie yako, atanisomea Tuo. Wewe mita mia nane, mimi barabara ya kwenda posta. Atakayeshindwa atakula kabichi za mwenzake bila kulalamika hadi kufa.

Shangazi yako mkubwa


Changsha, 25 Mei

Shangazi Mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima yote. Mimi mzima, ila siwezi kushuka ngazi, nashuka kinyumenyume na wasichana wa chini wananiuliza kama nimeona jini.

Pang aliipenda karatasi yako kupita kiasi. Aliniambia hajawahi kuona matusi yaliyopangwa kitaaluma namna hii, na anaomba ruhusa atumie mengine kwa msimamizi wake. Kila jioni alikimbia pembeni yangu akisoma: "Shangazi yako anasema kabichi zake zimefungiwa mtungini na bado zina mwendo kuliko wewe. Shangazi yako anasema umezaliwa kwa miezi kumi kwa sababu hata huko ndani ulikuwa unavuta miguu." Wiki ya kwanza nilitapika kwenye maua ya mkuu wa idara. Sikuomba msamaha. Kilomita zilizofutwa nilizitimiza siku ya mwisho, jua likizama, simu ikiwa mkononi mwangu mwenyewe.

Mtihani ulikuwa jana. Nilivaa viatu. Nilibaki wa mwisho, usitegemee muujiza. Nusu ya mzunguko wa pili wote walikuwa wamekwisha maliza, wamekaa kwenye nyasi, na nikamwona yule mwalimu akishika kipaza sauti. Msichana mmoja akainua mikono yake apige.

Pang alikuwa ndani ya uwanja, na hakuruhusiwa kuwepo. Akawageukia akasema kwa ile sauti anayoitia nguruwe, "Atakayepiga kofi nitampa nguruwe wangu amtafune. Mwacheni. Huyu mvivu, ana deni na shangazi yake." Kisha akanikimbilia. "We Ruoning, unatembea mazishini? Mwalimu Qiu amelazwa na nyonga ya chuma na kesho anakupita. Songa. Hata masharubu ya yule wa kemia yana mbio kuliko wewe." Watu walicheka, Shangazi. Uwanja mzima. Nilimchukia kiasi kwamba nikamfukuza hadi mstarini.

Nimefaulu, kwa pumzi mbili au tatu. Mwalimu aliitazama saa yake akaitikisa, kisha akaitazama tena. Nililala kwenye nyasi nikalia kwa hasira na furaha, sijui ipi ilikuwa zaidi, na Pang akasema nalia vibaya pia.

Ya kwako nimekuwekea humu, kurasa mbili. Mwambie Mama Tuo asiruke mstari ule kuhusu filimbi.

Ruoning


Posta, ng'ambo ya hospitali, Qiqihar, 10 Juni

Ningning,

Nakusalimu. Soma tena palipoandikwa juu, kabla ya tarehe. Naandika nimesimama kwenye meza ya posta, na kalamu imefungwa kwa kamba fupi kana kwamba kuna mtu angetaka kuiiba takataka hii. Nyuma yangu watu wamepanga foleni na wanaguna. Waendelee.

Bibi yako amesikia umefaulu, akauliza tena kuhusu Pang. Nimemwambia ana sauti nzuri.

Tuo hana kipaji. Kurasa zako alizisoma kwa sauti ya mtu anayeombea wagonjwa, na pale kwenye filimbi akasimama akasema, "Mwalimu, hili siwezi, ni la kuumiza." Nikamnyang'anya karatasi nikajisomea mwenyewe, nikashikwa na hasira hadi nikajikuta nimesimama. Wiki nzima nimekwenda na kurudi kwenye ukumbi nikikutukana wewe kwa sauti. Wale wa waridi waliacha makofi, walidhani nimepata kichaa. Simu sasa inakaa mfukoni mwangu, na Tuo amekasirika kwa sababu ya mayai.

Leo nimevuka. Nilisubiri taa, nikaingia barabarani na mkongojo wangu, na taa haikunisubiri. Nilikuwa katikati ilipobadilika. Niliogopa, Ningning, na nilitamani hata wale wasichana wawepo. Hakuna aliyepiga makofi. Dereva mmoja wa lori la viazi akanipigia honi, akatoa kichwa dirishani akasema, "We bibi kizee, barabara umeinunua? Vuta hiyo miguu, watu wana kazi."

Sikuwa nimesemeshwa vizuri namna hiyo tangu Desemba. Nilimjibu jambo ambalo sitaliandika kwenye barua inayopita mikononi mwa serikali, naye akacheka, na nikafika upande wa pili.

Agosti njoo Jumapili ya kwanza. Ulete viatu. Nafunga hapa, foleni imenichoka, na bado nina barabara ya kurudi.

Shangazi yako mkubwa,
Qiu Huilan